Shajara ya mradi: kuupata mkato wa mwanzo katika sentensi za Kiingereza, Nyegezi

Steshenari yetu iko Nyegezi, jijini Mwanza, njia ya kwenda chuoni. Tunachapa, tunatoa fotokopi, tunafunga ripoti. Wateja wakubwa ni wanafunzi wa chuo, makatibu wa vikundi vya wavuvi, na wafanyabiashara wa dagaa na mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) wanaowaandikia wanunuzi wa nje. Hati za Kiingereza zinazopita hapa zina ugonjwa mmoja unaojirudia: sentensi inaanza na kielezi au kishazi tegemezi, halafu mkato wake haupo, au upo mahali pasipo pake.

Lengo la mradi ni karatasi moja ya kubandika kando ya kompyuta, ambayo mchapaji asiye mwalimu wa Kiingereza ataitumia bila kuniita. Naziandika hatua hapa ili mwenye steshenari mwingine, au mwalimu wa tuisheni, achukue kinachomfaa na aruke pale tulipopotezea hela.

4 Julai 2025. Barua ya mwaloni

Katibu wa kikundi cha wavuvi alileta barua ya mkono kutoka mwaloni, pale boti za uvuvi zinapoegeshwa, kuhusu malipo yaliyochelewa. Ndani yake mlikuwa na hii:

"When the boats left the shore workers began to complain."

Mchapaji aliichapa kama ilivyo, na hana kosa, kazi yake ni kuchapa. Lakini isome taratibu. Boti ziliondoka, vibarua wa ufukweni wakaanza kulalamika? Au boti ziliuacha ufukwe, ndipo wafanyakazi, wowote wale, wakaanza kulalamika? Mkato ukikaa baada ya "left" tunapata habari ya kwanza, ukikaa baada ya "shore" tunapata ya pili. Anayedaiwa hela atataka kujua ni wafanyakazi gani. Ikabidi tumpigie.

"Mzee, shikamoo. Waliolalamika ni akina nani, vibarua wa pale mwaloni au wavuvi wenyewe?"

"Marahaba. Vibarua wa mwaloni, kijana wangu. Wavuvi walikuwa ziwani, wangemlalamikia nani huko?"

Basi mkato ukaenda baada ya "left", barua ikatoka.

Kanuni yenyewe si siri, kila aliyepita sekondari ameiona. Kishazi tegemezi kikitangulia, mkato unakifunga: "When the rain stopped, we crossed." Kikija nyuma, kwa kawaida hakuna mkato: "We crossed when the rain stopped." Shida ni kuitumia wakati mteja amesimama mlangoni na daladala yake inapiga honi.

9 Julai. Njia ya pumzi: imegoma

Tulianza na ushauri ambao wengi tumeupata shuleni: soma kwa sauti, weka mkato unapopumua. Nikaandika bango kubwa la manila kwa marka, nikalitundika ukutani. Halikumaliza wiki.

Mchapaji alileta sentensi hii akiwa na uhakika kabisa:

"The women who buy dagaa at Kirumba, sell it in Shinyanga."

"Kaka, hapa nimepumua kweli."

Na ni kweli alipumua, sentensi ni ndefu. Lakini mkato huo umemtenga kiima na kitenzi chake, jambo ambalo Kiingereza hakilikubali: kuanzia "The women" hadi "Kirumba" chote ni kiima, na "sell" ndicho kitenzi kinachomsubiri. Upande wa pili, vishazi vifupi kama "If it rains" vilipita bila mkato kwa sababu hakuna anayepumua baada ya maneno matatu.

Baya zaidi lilikuwa "Although". Wasomaji wetu wote hupumzika baada ya neno hilo, hivyo ripoti zikajaa "Although, the respondents were few, they answered well." Mkato huo wa kwanza hauna kazi. "Although" ni kichwa cha kishazi chake, hatukikati na kiwiliwili. Na tukiwa hapo hapo: mwandishi akianza na "Although" asilete tena "but" katikati. "Although the lake was rough, but they went" inatuponyoka kwa kuwa tumezoea ingawa na lakini kufuatana. Achague moja, lingine lifutwe.

Zamani za kusoma kwa sauti, alama hizi zilikuwa za kumwongoza msomaji wapi apumzike. Kiingereza cha leo kinatazama zaidi muundo wa sentensi, na pumzi ya mtu wa Nyegezi haifanani na ya mtu wa London.

Bango limetolewa. Manila mbili na marka mbili: Sh 5,000.

21 Julai. Orodha ya maneno: inafanya kazi, halafu inadanganya

Jaribio la pili ni orodha: when, if, although, because, since, while, before, after, unless, until, as. Sentensi ikianza na mojawapo, mchapaji anajua kuna mkato mbele, autafute. Nikaichapa kwa rangi kwenye A3, tukaifanyia laminesheni. Safari hii hati nyingi zilitoka safi. Kwa sentensi ya kawaida kama "Before the bridge opened, people crossed by ferry", orodha inatosha.

Halafu ikaja ripoti ya mwanafunzi aliyekuwa fildi Ukerewe, na ndani yake:

"When the ferry leaves depends on the wind."

Mchapaji aliona "When" akaweka mkato baada ya "leaves". Mwanafunzi, binti makini, akaukataa lakini hakuweza kueleza kwa nini. Mimi pia nilitumia muda. Jibu ni kwamba hapa kishazi chote, "When the ferry leaves", ndicho kiima. Kinachotegemea upepo ni nini? Saa ya kivuko kuondoka. Ukiweka mkato umerudia kosa lile lile la akina mama wa Kirumba: umemtenga kiima na kitenzi. Linganisha jozi hii, ambayo sasa ipo kwenye karatasi yetu:

"Whether we cross depends on the wind."

"Whether we cross or not, we must pay."

Zinaanza sawa. Ya kwanza haina mkato kwa kuwa "Whether we cross" ni kiima. Ya pili inao, kwa kuwa kiima ni "we" wa pili na kilichotangulia ni nyongeza tu.

Orodha ilituangusha pia kwa upande ambao sikuutarajia. Baadhi ya wateja huanza sentensi na mahali, si na kiunganishi:

"Between Kigongo and Busisi now runs a bridge of about three kilometres."

Tangu daraja lile lifunguliwe mwezi wa sita, kila mtu anaandika kulihusu. Maneno ya mwanzo ni kielezi cha mahali, kirefu, na mkono unawasha kuweka mkato baada ya "Busisi". Hauwekwi. Kiima kimehamia nyuma ya kitenzi: "runs a bridge". Mpangilio ukigeuzwa hivyo, kielezi cha mwanzo kinashikana na kitenzi moja kwa moja. Ungerudi kawaida, "Between Kigongo and Busisi, a bridge now runs", hapo mkato ungekuwa na nafasi.

A3 ya rangi pamoja na laminesheni: Sh 5,000. Imeshushwa ukutani. Orodha yenyewe nimeibakiza kwenye daftari, kwa sababu bado ni king'ora kizuri. Kosa letu lilikuwa kuifanya hakimu.

2 Agosti. Kuiachia kompyuta: hasara ya siku hiyo hiyo

Msimu wa ripoti ulikuwa umekaribia, na wazo lilikuwa jepesi: tumia kutafuta na kubadilisha kwenye Word, uiambie ibadilishe zote kwa mpigo. "However" iwe "However" na mkato, "Therefore" vivyo hivyo, "In addition" vivyo hivyo. Ukichagua herufi kubwa zifuatwe, inagusa mwanzo wa sentensi peke yake. Ripoti moja ya kurasa 48 ikapita kwenye mashine, ikachapwa, ikafungwa.

Mwenye ripoti alifungua katikati, akatukuta na hizi:

"However, the fish is dried, it must be kept off the sand."

"In addition, to dagaa, the group sells smoked sato."

Ya kwanza ilikuwa sahihi kabla hatujaigusa: "However the fish is dried, it must be kept off the sand", yaani vyovyote vile samaki atakavyokaushwa. Hiyo "However" ni sehemu ya kishazi. Ile inayodai mkato ni "However" yenye maana ya hata hivyo, inayosimama peke yake: "However, the fish was dry by noon." Kompyuta haioni tofauti, inaona herufi saba. Ya pili ni hivyo hivyo: "In addition" peke yake hufuatwa na mkato, lakini "In addition to dagaa" ni fungu moja, na mkato unakuja baada ya "dagaa".

Ripoti yote tuliirudia bure. Kurasa 48 kwa Sh 200 ni Sh 9,600, bila kuhesabu uso wa mteja.

Kilichobaki cha faida: tunatafuta bado, ila tunasimama kwenye kila neno moja moja na kuamua. Kitufe cha kubadilisha zote hakiguswi. Na tukikuta "However" imekaa katikati, kati ya sentensi mbili zinazojitegemea, mbele yake tunaweka nuktamkato au nukta, si mkato: "The boats were ready; however, the wind was strong."

13 Agosti. Rula

Hili ndilo lililofanya kazi, na limetoka kwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza ambaye huja kutoa fotokopi za mitihani ya tuisheni. Nilimwonyesha sentensi ya boti. Hakutaja kanuni yoyote. Alichukua rula mezani, akafunika maneno ya mwanzo.

"Kilichobaki kinaweza kusimama peke yake?"

"Kinasimama, Mwalimu."

"Basi mkato uko ukingoni mwa rula. Kisiposimama, sogeza. Ukifika mwisho hakijasimama, hakuna mkato. Usiniulize neno la kwanza ni lipi."

Tukaanza kuzipitisha zote zilizotushinda.

"When the ferry leaves depends on the wind." Funika hadi "leaves": inabaki "depends on the wind". Nani anategemea? Haisimami. Hakuna mkato.

"Between Kigongo and Busisi now runs a bridge..." Funika hadi "Busisi": inabaki "now runs a bridge". Haisimami. Hakuna mkato.

"However the fish is dried it must be kept off the sand." Funika "However" peke yake: zinabaki sentensi mbili zilizogongana. Sogeza hadi "dried": "it must be kept off the sand". Inasimama. Mkato hapo.

Na ile ya boti? Funika hadi "left": "the shore workers began to complain" inasimama. Funika hadi "shore": "workers began to complain", nayo inasimama. Rula ikikubali sehemu mbili, maana yake sentensi ina maana mbili, na hapo mchapaji haamui, anamuuliza mwenye hati. Hii kwangu ndiyo faida kubwa ya rula kuliko zote. Ilitukamatia nyingine siku ileile, kwenye barua ya mfanyabiashara:

"Outside the market women were waiting for the truck."

Nje, wanawake wa sokoni walikuwa wanasubiri? Au nje ya soko, wanawake walikuwa wanasubiri? Kwa Kiingereza hiyo ni "Outside, the market women..." au "Outside the market, women...". Tuliuliza. Alitaka ya pili.

Rula tatu, moja kila meza: Sh 1,500. Manila tatu za kukata kadi za mazoezi: Sh 3,000. Kadi tunaandika sentensi bila mkato upande mmoja na jibu nyuma, wachapaji wanazichezea umeme ukikatika.

30 Agosti. Pale rula inapovuja

Kadi zimeibua tundu. Sentensi ni hii:

"Only when the wind dropped did the boats leave."

Funika hadi "dropped", inabaki "did the boats leave". Mchapaji akasema inasimama, ni swali. Kweli, kama swali inasimama. Lakini sentensi yenyewe si swali. "Only", "Never", "Not until", "Rarely" zikitangulia hivi, Kiingereza hugeuza mpangilio kama wa swali, na mkato hauwekwi.

Tumeongeza mstari mmoja kwenye karatasi: kilichobaki kikisikika kama swali, angalia mwisho wa sentensi. Kama hakuna alama ya kuuliza, hakuna mkato. Kama ipo, mkato upo: "When the wind dropped, did the boats leave?" Kadi mbili zimetengenezwa kwa hiyo jozi na zinatosha.

Rula pia haisaidii sentensi yenye kiima kisicho chake. "Walking along the shore, the stones looked like people." Mkato uko sahihi, rula inaupitisha, lakini anayetembea ni mawe. Mawe ya Mwanza yana sura za watu, hiyo nakubali, ila kutembea hayajaanza. Dawa ni kuandika upya: "As we walked along the shore, the stones looked like people."

18 Septemba. Kishazi kikija nyuma

Ripoti za fildi zimefurika. Mwanzo wa sentensi umetulia, sasa makosa yamehamia mwisho. Wachapaji wamezoea mkato kiasi kwamba wanaweka hata hapa: "The price falls, when the moon is full." Hauhitajiki. Kishazi cha nyuma kinachosema lini, wapi au kwa sharti gani hakitengwi.

Kuna vinavyotengwa. "Whereas" hutenganishwa, na "although" mara nyingi pia, kwa kuwa vinaleta upande wa pili wa jambo: "Sato is sold fresh, whereas dagaa is sold dry."

Lililotuchukulia muda ni "because" baada ya kukanusha. Katibu wa kikundi cha kukopeshana aliandika:

"The group did not close the account because the treasurer was away."

Hawakufunga akaunti, na sababu ni mweka hazina kutokuwepo? Au waliifunga, ila si kwa sababu hiyo? Mkato kabla ya "because" unaelekeza kwenye maana ya kwanza, lakini kwa hati inayokwenda benki sitaki msomaji ategemee alama ndogo hivyo. Tumewaagiza wachapaji waihamishe mbele na kumuuliza mwenye hati: "Because the treasurer was away, the group did not close the account." Hapo hakuna wa kubishana.

6 Oktoba. Vielezi vifupi: tumeamua sheria ya dukani

"In 1858 Speke reached the southern end of the lake." Mkato baada ya 1858 au usiwepo? Vyote viwili ni sahihi. Kielezi kifupi cha wakati au mahali kinaruhusiwa kukaa bila mkato, na waandishi hutofautiana. Wachapaji walikuwa wanabishana wao kwa wao, na ripoti moja ikatoka na mitindo miwili. Sheria yetu sasa: maneno yasiyozidi matatu, bila mkato, zaidi ya hapo, weka. Tunaiita sheria ya dukani ili mteja asidhani imetoka kwenye kitabu cha sarufi, na mwenye msimamizi anayetaka vingine tunafuata msimamizi wake.

Sheria hiyo ina milango miwili ya dharura. Tarakimu zikikutana, mkato lazima: "In 2024, 36 boats were repaired", la sivyo macho yanasoma namba moja ndefu. Na kielezi kinachobeba maoni ya mwandishi kuhusu sentensi nzima kinapata mkato hata kikiwa neno moja. "Clearly, the secretary wrote the minutes" ni kusema ni dhahiri kwamba katibu ndiye aliyeandika. Ukitaka kusifia mwandiko wake, kipeleke nyuma: "The secretary wrote the minutes clearly."

20 Oktoba. Karatasi imebandikwa

Karatasi ya mwisho ni A4 upande mmoja. Juu kuna maelekezo ya rula, chini yake mstari wa swali, jozi ya "Whether", sheria ya dukani na milango yake miwili, kisha "Although" bila mkato na bila "but". Orodha ya maneno iko pembeni kwa herufi ndogo. Nakala tatu zenye laminesheni: Sh 4,500.

Jumla ya mradi ni Sh 28,600. Kati ya hizo, Sh 19,600 zimekwenda kwenye bango, A3 na ile ripoti ya kurudia. Anayeanza leo kwa rula, kadi na karatasi anahitaji Sh 9,000, na kama ana mashine ya laminesheni yake mwenyewe ni pungufu ya hapo.

Wachapaji bado wananiita kwa aina moja ya sentensi: kishazi kinachoingia katikati, baada ya "and" au "that", kama "The chairman said that if the nets were torn, the group would pay." Rula ya kushoto kwenda kulia haiko sawa hapo, kwa sababu kuna sentensi ndani ya sentensi. Kwa sasa tunafunika hadi "that", tunakichukua kilichobaki kama sentensi mpya, kisha tunaanza kupitisha rula upya. Kadi za aina hiyo zinakatwa wiki hii, na Mwalimu ameahidi kuleta sentensi kutoka kwenye mitihani yake ya zamani.